Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miti Ihesabiwe Baada ya Kiangazi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliamua kwamba miti yetu isihesabiwe tena siku ya kupandwa, bali Novemba, kiangazi kikiwa kimepita. Najua wapo waliolalamika, lakini uamuzi huu nausimamia. Hapa Dodoma mvua huanza Desemba na kukatika Aprili. Kazi kubwa ya mche ni kuvuka miezi inayofuata.

Ndiyo maana wakati una uzito kuliko wingi wa miche. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Aprili 1, tutaendelea kuiadhimisha kwa palizi na kwa kutengeneza visahani, yaani mabonde madogo ya kukinga maji kuzunguka mche, si kwa kupanda. Mche unaoingia ardhini Aprili hupata wiki chache tu za unyevu, na mizizi yake huwa bado iko juu udongo unapokauka. Tupande mwishoni mwa Desemba au Januari, ardhi ikiwa imelowa hadi chini.

Shimo liwe la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha ndio utangulie kurudi shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi, nasi tumeona hasara yake ya kutosha.

Kosa linaloua miche mingi kimyakimya ni kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche. Wapo wanaopanda nacho, na wapo wanaokivua bila kutazama mizizi. Ung'oe mche uliodumaa: mizizi hutoka na umbo la kiriba kilekile, imejizungusha chini kama kata ya kubebea ndoo. Mizizi hiyo haitashuka kufuata maji. Kwa hiyo, mwagilia mche kwanza ili udongo ushikamane, kata kitako cha kiriba kwa wembe pamoja na sentimita moja au mbili za mizizi iliyojikunja, pasua ubavuni, uvue taratibu. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa udongo ule ule wa kitaluni. Shindilia kwa mikono, kwani uwazi wa hewa hukausha mizizi, kisha mimina lita 20 hata kama mvua imenyesha asubuhi.

Kisahani kiwe na upana wa mita moja, tuta likae upande wa chini wa mteremko. Kuhusu matandazo ya kufunika udongo, nyasi kavu huita mchwa, na mikaratusi michanga ndiyo huumia zaidi. Penye mchwa tumieni mawe bapa: huzuia jua kunyonya unyevu, na mchwa hawana cha kula. Matandazo yoyote yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Kiangazi, lita 15 au 20 mara moja kwa wiki zinafaa kuliko kopo kila jioni. Maji ya kopo huishia juu, na mizizi huyafuata hukohuko. Uzio wa miiba uwekwe siku ileile ya kupanda, maana mbuzi hasubiri kikao.

Msimu ujao mashimo yawe tayari kabla ya Novemba kwisha. Kamati itayakagua, na kila mwanachama atapewa miche kulingana na idadi ya mashimo yaliyokutwa.