Pesa za Bibi

Bombo, Jumapili jioni

Kwako dada Rehema,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na leso pia. Bibi ameishika ile leso tangu siku hiyo, kwa hiyo usitegemee kuniona nayo mimi.

Umeuliza kama ni kweli pesa za Bibi ziliibwa. Ni kweli, ila neno "wizi" humu ndani halitajwi. Bibi amelipiga marufuku.

Unajua serikali hapa Uganda huwapa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi, hizi pesa za mpango unaoitwa SAGE. Mpango ulipoanza kwenye wilaya chache waliingia wa miaka 65, ulipoenezwa nchi nzima umri ukapanda hadi 80. Huko kwenu Kenya, pesa za wazee za Inua Jamii zinaanzia miaka 70, tena shilingi 2,000 za Kenya, zaidi ya mara mbili ya hizi zetu. Msilalamike sana! Bibi alisubiri kuliko wenzake, maana kwenye ndagamuntu, kitambulisho cha taifa, walimpunguzia umri, karani alikisia tu kwa kumtazama uso. Kurekebisha hilo ni barua nyingine nzima.

Siku ya kuandikishwa, mashine ikavikataa vidole vyake. Miaka sitini ya kusuka vikapu, dada, vimelainika kama sabuni iliyotumika. Walipovipata hatimaye, wakashauri tumtaje na mtu wa kumpokelea siku akishindwa kufika. Tukamtaja kijana wa humu humu nyumbani. Unamjua, na jina lake siliandiki kwenye karatasi.

Pesa haziji kila mwezi. Hukusanyika, kisha siku ya malipo inatangazwa na wazee wanapanga foleni. Kijana alikuwa akienda, na kwa kweli mwanzoni alileta zote, mpaka risiti. Halafu tukaanza kusikia "bado hazijatoka". Nani angeshangaa? Hapa pesa za serikali kuchelewa si habari. Bibi akaendelea kukopa sukari dukani.

Kilichomfichua ni matanga. Mama mmoja mzee wa mtaa wa pili aliketi karibu na Bibi akamshukuru Mungu kwamba zile za wazee zimemfikia kabla ya msiba. Bibi hakujibu kitu. Aliporudi nyumbani akaniambia, "Kesho unipeleke ofisini." Tukaenda, orodha ikafunguliwa: miezi sita, shilingi 150,000, zimepokewa kwa kidole cha yule yule kijana.

Hapo nikakosea. Kwa hasira nikakimbilia polisi. Wao wakataka barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, mwenyekiti naye akataka kujua ziliibwa kutoka mkono wa nani, kwa sababu kwenye karatasi zimelipwa kwa mtu aliyeruhusiwa. Siku mbili za nauli ya boda zikaisha hivyo. Ningeanza kwa ofisa wa maendeleo ya jamii. Huyo ndiye aliyenitenganishia mambo: kulifuta jina ni kazi ya ofisi, kuzirudisha pesa ni kazi ya polisi au ya ukoo, kwani serikali hailipi mara mbili kilichokwishapokewa. Lalamiko likaandikwa, jina likafutwa, nikawekwa mimi mahali pake. Kabla ya hapo kijana angeweza kwenda tena na kuchukua, na sisi tungekuwa tunazungushana na mihuri.

Bibi akachagua ukoo. Wakakaa wazee wanne, kijana akalia, akasema pikipiki ya watu iliharibika mikononi mwake. Labda ni kweli. Ameshaleta 60,000 kwa mafungu mawili, zimebaki 90,000, na mimi naziandika kwenye daftari ingawa Bibi hapendi kuliona.

Jirani yetu yeye alipoteza ndagamuntu yenyewe, akalia wiki nzima akidhani basi tena. Alipopata nyingine, akakuta malipo yake yamekaa yanamngoja. Nilimwonea wivu, wallahi.

Sasa kuhusu baba yako. Umeandika kwamba ameshaandikishwa. Je, huyo mnayemwita mlezi ni nani? Usimuulize kaka yako, muulize mzee mwenyewe, na ukipata nafasi ukaone jina lililoandikwa. Na kama simu yenye ujumbe wa pesa inakaa mfukoni mwa mtu mwingine, irudi kwa baba yako hata kama hajui kuisoma. Atamwita mtoto yeyote wa shule amsomee.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya malipo. Nilikuwa tayari kupokea, lakini Bibi alivaa gomesi ya Idi akasema anakwenda mwenyewe. Karani akamfuta kidole gumba kwa kitambaa cha maji, kikakataa, kikakataa, mara ya nne kikakubali. Foleni nzima ikapiga vigelegele. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso yako.

Tulipofika nyumbani yule kijana alikuwa amekaa kizingitini. Bibi akafungua pindo, akampa 5,000 akanyoe nywele. Mimi nimenuna mpaka leo, na Bibi ananiuliza mbona sili.

Wasalimie wote wa Kibera.

Nduguyo,
Zaina