Kimulimuli wa Mpwapwa Bado Hana Jina

Berlin, Ujerumani
6 Oktoba 2024

Babu na Bibi wapendwa,

Shikamooni, na mbukwenyi nyote mliokaa kuisikiliza barua hii ikisomwa. Mimi ni mzima, ila baridi imekwisha kunizoesha kuvaa soksi mbili. Habari za alizeti nilizipata kwa simu. Leo naandika kwa sababu ya jambo ambalo simu hulikata kila ninapofika katikati, nalo ni wale vimulimuli.

Mtakumbuka kwamba Desemba iliyopita nilikesha uani, kibali cha utafiti mfukoni na karai jeupe chini ya taa, hata Babu ukauliza kama nimevuka bahari ili nisomee wadudu wanaoangukia mboga. Nilipata wanne, wote madume. Tangu hapo nimewatazama kwa hadubini karibu kila siku, na nimewalinganisha na vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye masanduku ya makumbusho pamoja na maelezo yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo mengine hayasemi lolote zaidi ya kwamba mdudu ni wa kahawia na tumbo lake ni la manjano. Kwa maelezo ya namna hiyo hata mende angeingia.

Dunia ina zaidi ya spishi 2,000 za vimulimuli zilizokwisha kupewa majina, na nyingi zinafanana kwa nje kama mapacha. Kwa hiyo tunapima urefu, tunahesabu pingili za vipapasio, tunachora ile ngao inayofunika kichwa na vidirisha vyake viwili vinavyopitisha mwanga, kisha, mniwie radhi, tunatoa viungo vya uzazi vya dume na kuvichora pande zote, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo spishi moja hutengana na nyingine. Kazi hiyo inataka mkono uliotulia. Wangu haukutulia siku ya kwanza, nikamvunja mmoja mguu. Wa kwetu anaelekea kuwa wa jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Diaphanes, ambayo ina ndugu Afrika na Asia, lakini umbo la viungo vile sijaliona kwa mwingine yeyote.

Bibi aliniuliza kwa nini basi nisimpe jina tukamaliza. Jina lina sheria zake, na mwanzo wake unahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kitabu cha Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa kuwapa wanyama majina ya kisayansi, kilipotoka. Aliyetangulia kuchapisha jina ndiye mwenye haki, hata kama aliandika mistari miwili tu, na ndiyo maana inanilazimu kuyasoma maelezo yale mabovu yote. Lazima pia nichague mdudu mmoja, anayeitwa holotaipu, ambaye jina litamshikilia yeye daima. Mtu yeyote akibisha miaka mia ijayo, atamrudia huyo. Mimi nataka holotaipu akae Tanzania. Kila asubuhi hapa makumbusho napita mbele ya mifupa ya dinosauri wa Tendaguru, iliyochimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, nami huiamkia kama wazee wa nyumbani waliokwama ugenini. Sioni sababu ya kuiongezea kimulimuli. Na kama mlitarajia jina la ukoo wetu, mwandishi kujipa jina lake mwenyewe huonekana ni kukosa adabu. Nafikiria jina la mahali.

Kinachonikwamisha ni jike. Katika jamaa hii majike wengi hawaruki. Mabawa yao ni mafupi mno au hayapo kabisa, na mtu akimkuta majanini humdhania kuwa funza. Hukaa chini na kuwaka, dume akapita juu akimtafuta. Mdudu aliyekufa hawaki, na nuru yake haihifadhiki katika spiriti: ni kemikali iitwayo lusiferini inayoungana na oksijeni ndani ya tumbo lake, ikatoa mwanga usio na joto. Rangi ya mwanga huo, saa yake, na kama unawaka mfululizo au kwa kukonyeza, hayo hayamo katika masanduku ya Berlin.

Kwa hiyo nawaomba jambo hili. Mvua za kwanza zikinyesha, mwishoni mwa Novemba au Desemba, katika siku zisizo na mbalamwezi, mdogo wangu akae nyuma ya tembe la zamani, upande wa mawe na nyasi, kuanzia jua linapozama hadi saa tatu usiku. Taa ya umeme mliyofunga mlangoni izimwe muda huo wote, kwa sababu mwangaza wake humpoteza dume asimwone jike. Wale wanne wangu huenda walikuja kwenye karai kwa kupotea hivyo hivyo. Aandike saa aliyoiona nuru ya kwanza, rangi yake, iko chini au inaruka, na ni siku ngapi tangu mvua inyeshe. Wadogo wanaowaka huku wakitafuna konokono ni watoto wao, nao waandikwe pia.

Asimkamate yeyote, wala msinitumie mdudu ndani ya bahasha, hata akiwa amekufa. Kibali kipya nimekwisha kukiomba, nami natarajia kufika Januari. Anaweza kupiga picha kwa simu, na kando yake aweke kijiti cha kiberiti ili nijue ukubwa.

Babu, uliwahi kusema kwamba utotoni mwako walikuwa wengi zaidi karibu na kisima cha zamani. Mwonyeshe mdogo wangu mahali penyewe, mguu ukikuruhusu.

Nawasalimu wote, majirani na wale wa Kongwa.

Mjukuu wenu