Barua ya wazi kwa Waziri: Mtoeni binti yangu kwenye orodha ya wakimbizi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Garissa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha historia katika shule za Kaskazini Mashariki karibu maisha yangu yote ya kazi, na nina kitambulisho cha Kenya tangu ujana wangu. Nimekuandikia kabla ya leo kwa njia zinazokubalika: kupitia kwa chifu, kupitia kwa mbunge, na kwa kuiacha barua mimi mwenyewe mapokezini. Hakuna jibu lililorudi, hata la kusema kwamba barua imefika. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu. Nitajitahidi kuchunga adabu, lakini nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Wiki iliyopita binti yangu alipanda basi la usiku kwenda Nairobi. Alikuwa amepata nafasi ya chuo, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuripoti. Kwenye kizuizi kimoja abiria wote waliamriwa kushuka na kupanga foleni, kila mtu na kitambulisho mkononi, kama tulivyozoea kwenye barabara yetu. Yeye alikuwa na faili ya plastiki: cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE cha kumaliza sekondari, barua ya chuo, na nakala za vitambulisho vyetu sisi wazazi wake wote wawili. Askari alikimulika cheti cha kuzaliwa kwa tochi ya simu, akakigeuza nyuma, akakirudisha, akasema hicho si kitambulisho. Mkoba ukateremshwa kutoka kwenye buti, basi likaondoka. Alikesha kando ya barabara pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye hana kitambulisho, mpaka alfajiri lori la vitunguu lililokuwa likija Garissa likawapakia. Siku ya kuripoti ikapita akiwa juu ya magunia.

Kwa nini hana kitambulisho? Mwaka 2011 mvua ilikatika upande wetu kama ilivyokatika Somalia. Binti yangu alikuwa akilelewa na nyanya yake, mama wa mke wangu, aliyekuwa na mifugo yake karibu na Dadaab. Kambi za wakimbizi za huko zilifunguliwa kuanzia 1991 zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka ule zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mwenyeji aliyeishi nje ya kambi alikuwa na njaa ileile ya aliye ndani, tofauti ni kwamba hakuwa na kadi ya mgao. Mbuzi walipokwisha, yule mama alifanya walichofanya majirani zake wengi: aliwapeleka wajukuu palipokuwa na chakula. Mtoto alikuwa na miaka sita. Wakamshika mkono, wakambonyezesha vidole kwenye mashine, nyanya akapewa unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, mashine nyingine ikavitambua vidole vile. Akaambiwa dirishani kwamba yeye ni mkimbizi, hastahili. Amekimbia kutoka wapi, hakuna aliyemwambia. Amezaliwa katika kaunti hii, na cheti chake kimetolewa na serikali hiihii.

Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Hawezi kuomba mkopo wa masomo, hawezi kufungua akaunti, hawezi kupiga kura, na sasa tumeona hawezi hata kusafiri ndani ya nchi yake. Na si yeye peke yake. Vijana wa hali hii ni maelfu, wamo Garissa, Wajir na kwingineko. Kamati zimewahi kuundwa, wazee wakaitwa kuapa, majina yakaandikwa. Baadhi wamepata haki yao, wengine bado wanazungushwa. Mwezi wa Februari 2025 Rais alikuja Wajir akatia saini tangazo la kuufuta msasa wa ziada, yaani uchunguzi wa uraia wa mwombaji kitambulisho, ambao sisi tu wa kaskazini na mipakani tulikuwa tukipigwa. Nililisikiliza redioni nikalia. Nikasema, haya, mambo yamekwisha. Lakini kumbe kufuta msasa hakukufuta alama za vidole kwenye orodha. Wazee wa kamati wameondoka, mashine imebaki.

Mheshimiwa, wengine watasema hili ni tatizo la kompyuta. Mimi siamini. Naamini chanzo chake ni cha zamani kuliko kompyuta yoyote, na niruhusu nikueleze kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya.

Nchi yetu huku ni nchi ya visima. Mtu hafuati mpaka, hufuata maji. Waingereza walilijua hilo tangu mwanzo. Menelik, mfalme wa Ethiopia, alipoitwaa nchi ya Waborana, wengi walishuka kusini wakikimbia kodi na utumishi wa kulazimishwa. London na Addis Ababa walipokubaliana kuhusu mpaka mwezi wa Desemba 1907, waliandika ndani ya mkataba wenyewe kwamba makabila ya pande zote mbili yataendelea kutumia malisho ya upande wa pili kama zamani, na kwamba visima vitakuwa wazi kwao. Kwa hiyo hata dola iliyokuja kututawala kwa bunduki ilikubali kwa maandishi kwamba kuvuka kwa ajili ya maji hakumfanyi mtu kuwa mgeni. Binti yangu hata huo mpaka hakuuvuka. Alifuata chakula ndani ya kaunti yake.

Lakini mkataba ni kitu kimoja na utawala ni kingine. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali ilitumika kuifunga wilaya yetu ya mpaka wa kaskazini, asiingie mtu bila kibali. Ile ya 1934 ikawapa watawala uwezo wa kulitangaza kabila zima kuwa adui, kisha kuwakamata watu wake na mifugo yao, aliyekosa na asiyekosa. Mtu alipinga, kabila likalipa. Abdurrahman Mursal wa Waaulihan, ukoo wa Kisomali, aliposhambulia kituo cha Serenli kando ya mto Juba mwanzoni mwa 1916 na luteni Elliott akauawa, Mwingereza alikuwa amebanwa na vita vyake na Mjerumani huku Afrika Mashariki, akaondoka. Alirudi mwishoni mwa 1917 na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na waliopokonywa bunduki na ngamia hawakuwa wale waliopigana tu. Nilipokuwa nafundisha habari hizi, kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyenyoosha mkono akasema babu yangu alisimulia hivyohivyo.

Na hapo ndipo lilipofuata jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko vita. Ili Italia iingie vitani upande wao, Waingereza na Wafaransa waliiahidi katika mkataba wa London wa 1915 kwamba wakijiongezea makoloni ya Mjerumani Afrika, nayo itapewa fidia. Vita vikaisha, Uingereza ikaichukua Tanganyika. Italia ikadai chake. Ikalipwa Jubaland. Mkataba ukatiwa saini mwaka 1924, na 1925 Kismayu na nchi yote iliyoizunguka, iliyokuwa ikitawaliwa kutoka Nairobi, ikakabidhiwa kwa Mtaliano. Mpaka ukapitishwa jangwani karibu na longitudo 41, mstari ulionyooka, katikati ya watu wanaohama na mifugo. Babu yangu alikutwa upande huu na kaka yake upande wa pili, wote wawili wakiwa na ngamia wa baba mmoja. Mmoja akawa mtu wa Mwingereza, mwingine mtu wa Mtaliano. Hakuna aliyewauliza.

Muongo mmoja baadaye Italia hiyohiyo ikaivamia Ethiopia. Haile Selassie alipoondoka mwaka 1936, askari wake na familia zao walivuka kuja Kenya, pamoja na Waeritrea waliolitoroka jeshi la Italia. Wakapokonywa silaha, wakawekwa kambini Isiolo, baadaye wakapelekwa Taveta, mbali na mpaka. Wakati huo London ilikuwa ikitafuta suluhu na Roma, kwa hiyo wakimbizi hawa walikuwa aibu ya kidiplomasia. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, wanaume wa kambi zilezile wakaandikishwa kwenda kupigana. Mtu aliyekuwa mzigo akawa askari bila yeye kubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni hesabu za wakubwa.

Kisha likaja swali la 1962: wilaya yetu ibaki Kenya au iungane na Somalia? Kule Lancaster House, kwenye mazungumzo ya uhuru mjini London, watu wetu waliahidiwa kwamba watasikilizwa. Wakaja makamishna wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Jenerali Bogert kutoka Kanada, wakazunguka, wakasikiliza, wakaandika kwamba katika sehemu kubwa ya wilaya hii watu walitaka kuungana na Somalia. Mwezi wa Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni wa Uingereza, akatangaza Nairobi kwamba tutakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi huohuo. Kabla mwaka haujaisha, wiki mbili tu baada ya Uhuru, hali ya hatari ikatangazwa huku, na vita vya shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya 1967 yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia.

Sikuandiki haya kufufua madai ya kujitenga. Mimi ni Mkenya, nimeimba wimbo wa taifa na watoto wa shule kila asubuhi ya kazi yangu, na naupenda. Naandika kwa sababu naona kosa moja likirudiwa. Vita viliisha 1967, lakini hali ya hatari ilibaki kwetu hadi 1991. Mauaji ya Wagalla, kule Wajir, yaliyofanywa na askari wa serikali, yalitokea 1984. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kupimwa uraia na kubeba kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Mimi niliibeba. Nilikuwa mwalimu wa serikali, nimeajiriwa na serikali, na ilinibidi kuithibitishia serikali hiyohiyo kwamba mimi si mgeni. Na mwaka uleule wa 1991 hali ya hatari ilipoondolewa, Somalia ikasambaratika na Dadaab ikafunguliwa. Hatukupumzika hata mwaka mmoja kama raia wa kawaida.

Ninavyodhani mimi, na unisahihishe kama nimekosea, ofisi iliyokuwa ikitutawala kama watu wa kushukiwa haikufungwa mwaka 1963. Ilibadilisha bendera ikaendelea na mafaili yaleyale. Ndiyo maana mtoto wa Nyeri akikosa karatasi huonwa ni mtoto aliyekosa karatasi, na mtoto wa Garissa akiwa na karatasi zote huonwa ni mgeni aliyezipata kwa hila.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi. Nilitaka uzifungue kumbukumbu za mipaka ili vijana wazisome. Nilitaka taarifa ya tume ya ukweli, haki na maridhiano, iliyotolewa Mei 2013, itekelezwe, maana mwezi wa Machi 2015 tuliombwa radhi Bungeni na tukatajiwa mfuko wa fidia wa shilingi bilioni 10. Wajane wa Wagalla wanazidi kuzeeka. Nilitaka pia wakimbizi wenyewe watendewe kwa heshima, kwa sababu sina ugomvi nao. Ni jamaa zetu, na simwombei binti yangu haki kwa kumkanyaga mtoto wa mtu mwingine.

Lakini tangu ile asubuhi ya lori sina nguvu ya kuomba yote hayo. Naomba moja. Agiza alama za vidole za binti yangu ziondolewe kwenye orodha ya wakimbizi, na apewe kitambulisho. Nyaraka zote ziko mikononi mwa ofisi zilizo chini yako: cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vyetu, barua ya chifu, viapo vya wazee. Hakuna kinachokosekana isipokuwa amri ya mtu mwenye mamlaka, na mamlaka hayo unayo. Ukimfanyia yeye, utakuwa umeonyesha njia kwa wale maelfu wengine, kwa sababu kesi zao ni hiyohiyo. Lakini hata kama huwezi kuwafanyia wote mwaka huu, anza na huyu. Mtoeni mtoto wangu kwenye orodha hiyo.

Chuo kimekubali kumshikia nafasi yake hadi mwisho wa mwezi huu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Garissa