Kwa nini hatubandiki vigae kwenye kitenge kwa gundi

Mteja akiona kazi zetu hapa karakanani Moshi, kwilti ya kitenge (kitambaa cha tabaka kadhaa zilizoshonwa pamoja) iliyojaa vigae vya udongo, swali huwa moja: si mngebandika kwa gundi tu, nikachukua kesho? Gundi hushika, hatukatai. Ila kitambaa hulegea na kukaza kila hewa inapobadilika, kigae hakisogei hata kidogo, na masika yakipita viwili hivyo vimeshaachana. Wanaotuletea kazi za gundi tuzitengeneze huja na kitambaa begani na vigae kwenye bahasha.

Sisi tunashona, na kazi yote iko kwenye tundu. Tunalitoboa kwa mrija wa soda udongo ukiwa umekaza lakini haujakauka. Udongo wetu hunywea kama asilimia 10 tangu ubichi hadi utoke tanurini: kigae cha sentimita 10 hutoka na 9, na tundu hupungua vilevile. Usipoliacha kubwa mapema, shazia haipiti. Kisha kingo zake zinalainishwa kwa sponji mbichi mbele na nyuma, maana ukingo wenye makali hukata uzi polepole na hutajua mpaka kigae kiwe sakafuni. Glezi nayo, ile rangi ya kung'arisha kigae, ikiingia ndani ya tundu huyeyuka motoni na kuliziba. Uzi ni nailoni ya fundi viatu. Wa cherehani hapa hauna kazi.

Wengine huja na picha za El Anatsui, yule msanii mzaliwa wa Ghana anayeunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba. Kazi kubwa ile! Lakini kifuniko ni bati. Ukikaza waya kwenye udongo, tundu linamegeka.

Kuhusu muda, kigae kikiingia tanurini na unyevu, mvuke hukipasua, na vipande vyake huharibu vya jirani. Hata kikiwa kikavu, kwenye nyuzijoto 573 za Selsiasi chembe za kwazi, madini ya mchanga yaliyomo ndani ya udongo, hutanuka ghafla, hivyo moto hupanda taratibu na kushuka taratibu. Oda ya kati ya Machi na Mei tunaiongezea muda wa kukausha. Usitupigie simu kila siku, tafadhali.

Ukileta khanga ya bibi, tutaifua kwanza, tutaweka blanketi jembamba katikati na bitana nyuma. Pindo na mji tunaweza kukata. Jina hatuligusi, labda uagize mwenyewe.

Ipo pia kazi ya kuchovya kitambaa kwenye uji wa udongo na kukichoma. Pamba huungua yote, unabaki udongo mtupu wenye mikunjo na hata alama za nyuzi. Inapendeza mno, ila ni nyepesi kuvunjika, na kitambaa chenyewe hakirudi. Kwa hiyo khanga ya bibi haiingii humo hata ukilipa mara mbili. Pitia mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi utafute shuka la pamba tupu. Poliesta hainywi udongo vizuri na moshi wake unakera.

Kazi ya vigae 40 vya gramu 50 ni kilo 2 kabla hujahesabu kitambaa. Itundike kwenye fimbo, kwa skrubu mbili zenye plagi, si msumari, na iachie nafasi ya kidole ukutani ipate hewa. Vumbi lipanguse kwa brashi laini. Usiifue. Uzi ukilegea, ilete kabla kigae hakijadondoka. Kukaza mshono hatutozi.