Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha hisabati,

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote. Nawashukuru hasa mliovuka feri tangu alfajiri mkaja hadi huku Tudor, Mombasa. Yale mnayoyajua nitayapitia upesi. Siku ya Hisabati Duniani, Machi 14, tuliiadhimisha kama kawaida. Wanafunzi wa sekondari walifundishwa maswali ya olimpiadi Jumamosi kumi na moja, na nyingi katika hizo mwalimu alikuwa mimi. Mihadhara ilikuwa minne. Jarida halikutoka. Mengine yamo katika kumbukumbu za katibu.

Fedha. Ada ya mwaka ni shilingi 1,500, nasi tuko 64. Waliolipa kamili ni 23, waliolipa nusu ni 9, na 32 hawakutoa hata senti. Zilizoingia ni 41,250. Zilizotoka ni 39,150: kodi ya chumba 18,000, nauli za wanafunzi 9,000, fotokopi 6,200, chai na mahamri 4,800, chaki 1,150. Zimebaki 2,100. Ubao mpya haumo katika hesabu hiyo kwa kuwa niliununua kwa pesa zangu, na sijadai kurudishiwa. Mweka hazina aliwakumbusha mara sita. Mwenye hali ngumu namwelewa, wala sitamtaja mtu. Lakini aliye kwenye kikundi kila usiku akiusema uongozi, na nambari ya M-Pesa anayo, huyo simwelewi.

Sasa nije kwenye lililotugawa.

Mwezi wa Mei mwanachama mwenzetu, karani wa mizigo bandarini, alileta kurasa 31 zilizoandikwa kwa mkono, akasema ameithibitisha dhana ya Goldbach: kwamba kila nambari shufwa (inayogawanyika kwa 2) inayozidi 2 ni jumla ya nambari tasa mbili, yaani nambari zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. 28 ni 5 na 23; 100 ni 3 na 97. Tangu Goldbach alipomwandikia mwanahisabati mwenzake Euler mwaka 1742, hakuna aliyepata shufwa inayokwenda kinyume, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Baadhi yenu mlitaka chama kiwaite waandishi wa habari na kutoa barua yenye muhuri. Kamati ilikataa. Wa kwanza kukataa nilikuwa mimi, wenzangu wakaniunga mkono. Kwa hivyo lawama nileteeni mimi.

Nimeitwa hasidi. Nimeambiwa nina kiburi cha chuo kikuu, kwamba namdharau mtu kwa kukosa digrii. Mkanitajia Ramanujan, mwanahisabati wa India, kwamba naye alikuwa karani wa bandari, kule Madras. Mfano huo naukubali, ila tuusimulie wote. Januari 1913 Ramanujan alimwandikia Hardy, mwanahisabati wa Cambridge. Hardy hakukimbilia muhuri. Aliketi na mwenzake Littlewood wakaisoma barua ile, kisha akamjibu akitaka aone uthibitisho. Mengi yaliyokuwamo yalikuwa ya ajabu, lakini madai yake kuhusu nambari tasa, uwanja huu huu wa mwenzetu, yalikuwa na kosa. Hakuvunjiwa heshima kwa kuambiwa hivyo. Mwaka 1914 alikuwa amekwishafika Cambridge, na mbinu aliyoijenga pamoja na Hardy ndiyo baadaye Hardy na Littlewood waliyoichukua kuikabili dhana ya Goldbach yenyewe.

Mwaka 1879 Kempe, mwanasheria wa London, alichapisha uthibitisho kwamba rangi nne zatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kufanana rangi. Ulikubaliwa miaka kumi na mmoja, hadi Heawood alipoonyesha kosa mwaka 1890. Mwanahisabati Wiles naye alipotangaza mwaka 1993 kwamba amemaliza swali la Fermat, lililowashinda wanahisabati zaidi ya miaka 350, mwenzake Nick Katz aliisoma kazi ile mstari kwa mstari na kuuliza maswali, na swali moja likafichua pengo. Wiles alihangaika nalo hadi Septemba 1994, akisaidiwa na Taylor, ndipo likazibika. Sijasikia Katz akiitwa hasidi.

Na sisi je? Niliomba jioni tano za Alhamisi, tuisome kazi ya mwenzetu kwa ubao na chaki. Saba walijiandikisha. Jioni ya kwanza tulikuja wanne, ya pili watatu, na kuanzia ya tatu tulikuwa wawili: mimi na mwalimu mmoja wa Kisauni anayepanda matatu mbili kufika hapa. Mahamri yalirudi nyumbani. Siku ya kura, wanachama 18 walinyoosha mikono muhuri utolewe. Nikauliza nani amefika ukurasa wa kumi. Ukainuka mkono mmoja. Hili limeniuma kuliko tusi lolote nililotukanwa mwaka huu.

Sisi wawili tulifika ukurasa wa 19, tukasimama hapo. Mwenzetu anahesabu, na kuhesabu anajua, ni jozi ngapi za nambari tasa tutarajie zitoe jumla fulani. Anaonyesha kwamba kadiri shufwa inavyokuwa kubwa, wastani wa jozi hizo unaongezeka. Kisha anasema: basi kila shufwa ina jozi. Hapo ndipo hatukuweza kuvuka. Matatu za Bamburi hupita kwa wastani kila baada ya dakika chache, na bado yuko aliyewahi kusimama saa nzima. Wastani hauikatazi shufwa moja, mbali huko, kukosa jozi kabisa. Mliosema kwamba kompyuta zimekwishaijaribu dhana hii hadi 4 yenye sifuri 18, kumbukeni dhana ya Pólya ya mwaka 1919, nayo ikihusu vigawo tasa, yaani nambari tasa zinazoigawanya nambari. Ilidhaniwa ni ya kweli hadi Haselgrove alipoibatilisha mwaka 1958, na nambari ya kwanza inayoiangusha ni 906,150,257.

Sikusema kazi ya mwenzetu ni bure. Kurasa 18 za mwanzo ni safi, na katika ukurasa wa 12 mna hila ya kupanga mabaki ya kugawanya ambayo mimi nisingeifikiria. Tulimwandikia swali letu kwa adabu. Tangu Julai hajaja. Nimempigia simu, nimekwenda hadi kwake Changamwe. Alinikaribisha chai, akasema bado analitafakari. Mwenye kumlaumu kwa hilo asimlaumu. Wiles alihitaji mwaka mzima.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kulifufua jarida, kupata chumba kilicho karibu na stendi, na pengine kumwalika mgeni kutoka Nairobi, Mungu akijaalia na ada zikilipwa. Kusoma kurasa za mwenzetu kutaendelea Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, kuanzia ukurasa wa 19. Mwenyewe ameahidi atajaribu kufika. Nakala sita bado ziko kwa katibu.

Wenu,
Mwenyekiti