Mbwa mwenye kamba si wa kuogopwa

Bwana Mhariri,

Hapa kwetu Himbi, Goma, kuna maneno yanazunguka kwamba mwenye mbwa amwache nyumbani, mjini ni pa watu. Mimi hutoka na wangu (anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa kartye, yaani mtaa wetu) nikienda kubadilisha pesa au kuchukua viatu kwa fundi, kwa hiyo nina la kujibu.

Sokoni asiingie, hilo sibishani nalo. Kwenye soko la Birere, sambaza, vile visamaki vya ziwa, ziko kwenye mabeseni chini, unga uko wazi. Mbwa akipitisha pua tu, hata asilambe, biashara ya mama wa watu imeharibika, na akikutukana ana haki. Lakini kwa kambisti, mbadilisha pesa anayekaa kando ya barabara, kosa liko wapi?

Shida ni namna ya kutembea naye. Kamba ikiwa ndefu, motari, dereva wa pikipiki, atajipenyeza kati yako na mbwa. Na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ikiwa imejaa makaa na inateremka, haisimami ghafla. Shika fupi, mbwa awe upande wa ukuta. Jua la saa saba nalo lina yake. Mawe yetu ya volkano ni meusi, yanashika moto: weka kiganja juu yake, ukishindwa kuvumilia ujue na yeye anaungua. Tena yana makali. Tukirudi huwa namwinua mguu mmoja mmoja na kupapasa katikati ya vidole, maana kichangarawe kikilala humo, kesho yake anachechemea.

Watoto wanaomrushia mawe siwalaumu sana. Wamekua wakimjua mbwa wa kulinda lango, anayefunguliwa usiku na kuzurura hadi alfajiri, hana kamba wala chanjo. Huyo ndiye wa kuogopwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mbwa wenyewe wana chanjo yao. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi naomba wakubwa wa kartye na madaktari wa mifugo watutangazie siku ya chanjo kwa megafoni, kama wanavyotangaza ya polio; tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ingefaa. Na kila mwenye mbwa apewe karatasi ya kubeba mfukoni, ili mlinzi wa duka akiuliza, aonyeshwe.

Msomaji wenu,
Himbi, Goma