Kaka, pesa za bati nilishatuma

Tsuruoka, Yamagata
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Mama mfikishie shikamoo yangu, na Bibi mwambie mjukuu wake mzima, anakula na anaswali. Rehema mpe pole, nimesikia alilazwa na ameshatoka, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona niandike, maana kwenye simu tutapandishiana sauti na Mama yuko hapo hapo anasikia. Unasema vuli inakuja na nyumba haina paa, na kwamba kwenye kikao cha ukoo imesemwa niko Japani nimesahau kwetu. Kaka, pesa za bati nilishatuma. Milioni moja na laki nne, mwezi wa tatu, mkononi mwako. Wiki tatu baadaye naletewa picha za harusi ya mtoto wa Baba Mdogo: turubai, muziki, sare za watu arobaini. Simuonei mtoto wa watu wivu, Mungu ampe kheri katika ndoa yake. Ila hakuna aliyeniuliza. Hata wewe uliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za machungwa hukuniuliza.

Sasa tuhesabu tena pamoja. Nilipofika Machi 2022, dola moja ilikuwa kama yeni 115. Leo inakaribia 160. Mshahara wangu kwa yeni haujapanda hata kidogo. Yeni elfu sitini za siku zile zilinipa dola zaidi ya mia tano, leo hazifiki mia nne. Halafu Agosti shule zinafungwa, na kampuni iliyoniajiri hunilipa nusu tu mwezi huo, wakati kodi ya chumba ni ile ile. Mwaka jana nilinyamaza, nikakopa ili nitume. Mwaka huu sikopi.

Mama aliniuliza kazi yenyewe ikoje, sikumjibu vizuri, kwa hiyo msomee hapa. Nina shule tatu za msingi, nazungukia zote kwa wiki. Ukifika mlangoni unavua viatu vya nje na kuvaa vya ndani, mwalimu kwa mwanafunzi. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja dakika 45. La tatu na la nne wanapata kimoja. Mimi ni mwalimu msaidizi. Mwalimu wa darasa anasimama nami, na watoto wanainuka wote kwa pamoja kusalimia kabla hatujaanza. Mchana hakuna kwenda mgahawani. Watoto wenyewe wanavaa aproni na kofia nyeupe, wanapakua chakula na kugawa, tunakula nao darasani, na maziwa juu yake. Mama asiwe na wasiwasi: ratiba ya chakula inatolewa kwa mwezi mzima, siku za nguruwe naziwekea alama na nakuja na chakula changu. Wamenielewa, hakuna anayenisumbua.

Baada ya kula wanasafisha shule wenyewe, madarasa, ngazi, hadi vyoo. Nikishika ufagio nakumbuka sisi na mifagio yetu ya chelewa, na wewe ulivyochapwa kwa kuja bila wa kwako ilhali ulikuwa umenipa mimi. Sijasahau hilo, Kaka.

Mtu mmoja wa ofisini aliwahi kuniuliza, mbele ya wenzangu, kama Kiingereza changu ni cha kuzaliwa nacho. Nilimwambia hapana, nilizaliwa na Kibondei, nikaongeza Kiswahili, Kiingereza ni cha tatu, na ndiyo sababu najua mtoto anakwama wapi. Iliniuma siku nyingi. Lakini sikia jambo hili. Irabu zao ni zetu, a, e, i, o, u, na neno la kigeni wanalifungia kwa irabu kama sisi. Sisi tumesema basi, wao basu. Sisi soksi, wao sokkusu. Kwa hiyo mtoto akisema “miruku” badala ya neno la Kiingereza la maziwa, simcheki, naelewa kabisa ulimi wake umepita wapi. Na jina langu watoto walilitamka sawasawa siku ya kwanza, jambo ambalo yule wa ofisini hajaliweza mpaka leo.

Kuna mtoto wa darasa la sita ambaye tangu la nne hakuwa akitoa sauti darasani. Anatikisa kichwa tu. Tulikuwa tunafagia ngazi pamoja, nikawa namtajia maneno yetu, basi, soksi, kilabu, naye ananionyesha kwa kidole kile anachodhani ni hicho. Miezi miwili tulikwenda hivyo. Mwezi wa sita ikafika zamu ya kueleza habari za kwao. Akasimama. Alisema sentensi nne za Kiingereza kuhusu babu yake anayelima dadacha-mame, soya mbichi za mji huu, zinazochemshwa na maganda yake. Akamaliza kwa kusema kwamba dadacha kwa lahaja ya wazee wa hapa ni baba. Mwalimu wa darasa aligeukia ubao asionekane machozi. Mwalimu mkuu alikuja mezani kwangu akainama, nami nikasimama nikainama. Nilitamani Baba angekuwa hai niende kumpigia simu usiku ule ule. Waambie wa kikao na hilo, si pesa tu.

Mwezi huu, tarehe 3, wametoa noti mpya. Ya yeni 5,000 ina picha ya mwanamke, Tsuda Umeko. Alipelekwa Marekani mwaka 1871 akiwa na miaka sita, akarudi 1882 Kijapani kimempotea, hawezi kuzungumza na mama yake. Mwaka 1900 akafungua shule ya kuwafundisha wanawake Kiingereza. Nilipoipata noti hiyo nilikaa nayo mezani muda mrefu. Juma lile lile nilikuwa natafuta jina la kile kifuniko cha ukindu cha chakula, siku tatu halinijii. Kawa! Lilinijia nikiwa barabarani kwa baiskeli, nikasimama. Mwambie Bibi anirekodie hadithi zake kwa Kibondei, zote, hata zile fupi. Rehema amshikie simu.

Mkoa huu wa Yamagata ndio wenye cheri nyingi kuliko mkoa wowote wa Japani, zinapangwa kwenye boksi moja moja kama vito. Machungwa yetu ya Muheza yangeaibisha boksi hizo kwa utamu. Baridi ipo, theluji ipo, nimezoea.

Sasa bati. Agosti sitatuma chochote. Mwisho wa Septemba nitamlipa mwenye duka moja kwa moja, na risiti nataka ipigwe picha ikiwa imekaa juu ya bati zenyewe. Fundi nitamlipa akishapanda juu. Baba Mdogo asihusishwe. Usikasirike, Kaka, wewe ndiye nitakayekutegemea usimamie, na sina mwingine.

Nikitoka kazini huku ni saa kumi na moja jioni, kwenu ni saa tano asubuhi. Jumatano nitapiga. Mama awe karibu na simu.

Mdogo wako,
Mwanahawa